Sayyida Salme bint Said: Maisha Kati ya Ramani Mbili

Utangulizi

Mfugaji wa Oldonyiro, katika Kaunti ya Isiolo, hapotei nyikani kwa urahisi. Vilima, laga zinazojaa maji wakati wa masika, miti mikubwa na mwelekeo wa jua humwonyesha njia kama barua iliyoandikwa kwa hati anayoifahamu. Mtu huyohuyo akishuka katika kituo cha mabasi jijini Nairobi kwa mara ya kwanza, macho yake hayajapungua nguvu wala akili yake haijapungua wepesi. Kilichopungua ni alama alizozizoea. Kadhalika mwenyeji wa Nairobi akiachwa peke yake katika mbuga za Oldonyiro ataona uwanda mtupu pale ambapo mwenyeji anaona njia panda.

Jambo hili lilichunguzwa kwa kina na Kevin Lynch (1918–1984), mtaalamu wa mipango miji wa Marekani, katika kitabu chake The Image of the City kilichochapishwa mwaka wa 1960. Lynch aliwahoji wakazi wa Boston, Jersey City na Los Angeles, akawataka wauchore mji kutokana na kumbukumbu zao. Alibaini kwamba kila mtu hubeba akilini taswira ya mji wake, na kwamba taswira hiyo hujengwa kwa mambo matano: njia, kingo, mitaa, makutano na alama kuu. Mji ambao mambo hayo yamejitokeza bayana humpa mkazi utulivu wa moyo; mji usio nayo humtia wasiwasi wa kupotea. Hata hivyo, watu aliowahoji Lynch walikuwa wachache, na wengi wao walikuwa wa tabaka la kati. Linabaki swali zito: je, taswira ya mji huwaje kwa mtu ambaye haruhusiwi kwenda atakako, wakati autakao, na uso wake ukiwa wazi?

Katika historia ya pwani ya Afrika Mashariki, hakuna maisha yanayolijibu swali hilo vizuri zaidi ya maisha ya Sayyida Salme bint Said, binti wa mfalme wa Zanzibar aliyekuja kujulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete. Wengi humkumbuka kwa kisa cha mapenzi yake na mfanyabiashara wa Kijerumani. Makala haya yanayafuata maisha yake kwa kuzingatia jambo jingine: jinsi alivyojifunza mji, akaupoteza, akajifunza mwingine, na alichokikuta aliporudi.

Malezi ya Mtoni

Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika kasri la Bet il Mtoni, kando ya bahari, kaskazini mwa mji wa Zanzibar. Baba yake alikuwa Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyetoka katika nchi za Kaukazi. Kasri lenyewe lilikuwa kama kijiji. Lilikuwa na ua mpana, hamamu, bustani, wanyama na ndege wa kila aina, pamoja na mamia ya watu wa rangi na lugha mbalimbali. Mbele ya nyumba palikuwa na roshani ya mviringo ambako Sayyid Said alizoea kutembea huku na huku akiitazama bahari na merikebu zake.

Jina la kasri hilo linastahili kuchunguzwa na mwanafunzi wa Kiswahili. Sehemu ya kwanza ni Kiarabu: nyumba ya. Sehemu ya pili ni Kiswahili, nomino mto pamoja na kiambishi tamati cha mahali -ni. Anayelitamka jina hilo amekwisha kuelekezwa njia, kwa kuwa jina lenyewe linamwambia kwamba nyumba iko penye mto. Ndivyo yalivyokuwa majina mengi ya makasri. Bet il Sahel ilikuwa nyumba ya pwani. Bet il Tani ilikuwa nyumba ya pili, jirani na ile ya kwanza. Bet il Watoro ilibeba nomino ya Kiswahili katika wingi wake. Mtoto aliyekulia humo alijifunza ramani na msamiati kwa pamoja.

Mbele ya Sayyid Said Kiarabu ndicho kilichotakiwa kuzungumzwa. Nje ya macho yake, Kiswahili na lugha nyingine nyingi zilisikika katika kila pembe ya ua. Kwa hiyo Salme aliweza kutambua alipo si kwa kuta pekee, bali hata kwa lugha iliyovuma chumbani.

Alipokuwa na umri wa takriban miaka saba, Salme na mama yake walihamia mjini, katika Bet il Watoro, kuishi na kaka yake Majid. Kuhama huko hakukuwa safari ndefu, lakini kulimpa funzo la kwanza la kupotea. Mtoni palikuwa na nafasi ya kukimbia. Watoro palikuwa na vyumba vilivyobanana. Alisononeka sana, ingawa hatimaye alizoea. Ni katika miaka hiyo alipojifunza kupanda farasi na kulenga shabaha. Hapo pia ndipo alipojifundisha kuandika kwa siri, akinakili herufi za Kurani juu ya mfupa wa bega la ngamia, kwa sababu wasichana wa ukoo wake walifunzwa kusoma pekee. Siri hiyo ndogo ilikuja kuyageuza maisha yake yote.

Mji wa usiku

Baadaye Salme na mama yake walihamia Bet il Sahel, iliyounganishwa na Bet il Tani kwa daraja lililopita juu ya hamamu. Humo mtu aliweza kutoka nyumba moja hadi nyingine bila kugusa barabara. Sayyid Said alifariki baharini mwezi wa Oktoba 1856 akitoka Oman. Dola yake ikagawanyika. Majid akatawala Zanzibar, naye Thuwaini akabaki Oman.

Mji Mkongwe aliouishi Salme haukuwa mji ule uliotembelewa na wapagazi, mabaharia na wachuuzi wakati wa mchana. Mwanamke wa cheo chake hakutoka nje jua likiwaka. Alitoka baada ya giza kuingia, uso wake ukiwa umefunikwa kwa barakoa, huku akitanguliwa na watumwa waliobeba fanusi. Ukubwa na wingi wa fanusi ulitangaza hadhi ya anayepita. Kwa hiyo mambo yaleyale matano aliyoyataja Lynch yalikuwapo, ila yaligeuka sura. Njia zilikuwa vichochoro vilivyomulikwa hatua chache mbele. Alama kuu zilikuwa harufu ya karafuu na samaki, adhana kutoka msikitini, mlango ulionakshiwa uliong'aa ghafla mbele ya taa, na sauti ya mawimbi iliyoashiria kwamba bahari iko karibu. Makutano yalikuwa kumbi za wanawake, ambamo habari za mji zilipokewa na kupitishwa. Mchana mji huo ulitazamwa kutoka juu, kwenye madirisha na sakafu za paa.

Ujuzi huo wa mji wa usiku ulijaribiwa mwaka wa 1859, mwaka ambao mama yake alifariki kwa kipindupindu. Barghash, mmoja wa kaka zake, alipanga kumpindua Majid. Dada yake Khole alijiunga naye, na Salme akavutwa pia. Kwa kuwa alijua kuandika, msichana huyo wa miaka kumi na mitano akawa katibu wa njama. Askari wa Majid walipoizingira nyumba ya Barghash, wanawake wa ukoo walikwenda usiku, wakajitambulisha kwa askari na kupita. Walipotoka, miongoni mwao alikuwamo Barghash mwenyewe, amevaa mavazi ya kike. Barakoa iliyowekwa ili kuwazuia wanawake iligeuka kuwa hati ya kupitia. Uasi ulishindwa hata hivyo. Waingereza walimsaidia Majid, na Barghash akapelekwa uhamishoni Bombay. Salme alibaki na lawama za pande zote, akajitenga mashambani, kwanza Kisimbani na kisha Bububu.

Kutoka paa hadi bahari

Katikati ya miaka ya 1860 Salme alirudi mjini na kupatana na Majid, jambo lililowaudhi waliokuwa upande wa Barghash. Alipanga katika nyumba iliyopakana na ile ya Rudolph Heinrich Ruete, mfanyabiashara kutoka Hamburg. Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa kukaribiana mno, kiasi kwamba barabarani watu wawili waliweza kutengwa na desturi zote za mji, ilhali paani walitengwa na hatua chache tu. Kutoka juu Salme aliweza kuona karamu za jirani yake. Urafiki ukaota, ukawa mapenzi, na mwaka wa 1866 akawa mjamzito.

Hatari ilikuwa ya kweli. Binti wa Kiislamu wa ukoo wa kifalme aliyepata mimba ya mgeni Mkristo hakuwa na mahali pa kujificha katika mji ambamo kila paa lilikuwa na macho. Jaribio la kwanza la kutoroka lilishindikana. Mwezi wa Agosti 1866, wakati wa Siku ya Mwaka, ambapo wanawake walikuwa na desturi ya kushuka pwani kuoga usiku, Salme alishuka pamoja nao. Mashua ya manowari ya Uingereza, Highflyer, ikamchukua. Tukio hilo hudhihirisha jinsi alivyoujua mji wake. Hakuvunja lango wala kuruka ukuta. Alipita katika njia ambayo mji wenyewe ulikuwa umeifungua kwa wanawake kwa usiku ule.

Huko Aden alijifungua mtoto wa kiume. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa kwa jina la Emily na kufunga ndoa na Ruete siku hiyohiyo. Katika safari ya kwenda Ujerumani, mtoto yule alifariki.

Mji usiosomeka

Hamburg ilikuwa na kila kitu ambacho mwanamipango miji angekisifu. Palikuwa na ziwa la Alster katikati, mifereji, mitaa iliyopewa majina, nyumba zenye nambari na minara ya makanisa iliyoonekana kutoka mbali. Familia ya Ruete iliishi Uhlenhorst, kando ya ziwa hilo. Kwa mwenyeji, mji ulikuwa dhahiri kama kiganja cha mkono. Kwa Salme haukusomeka.

Sababu zilikuwa nyingi. Hakujua Kijerumani, kwa hiyo majina ya mitaa yalikuwa sauti zisizo na maana, tofauti na Mtoni au Pwani. Aliyezoea kutembea usiku akiwa amefunikwa uso sasa alitakiwa kutembea mchana uso ukiwa wazi, huku watu wakigeuka kumkodolea macho. Aliyezoea nyumba zenye ua na paa wazi alikuta vyumba vilivyojaa samani na milango iliyofungwa kwa sababu ya baridi. Bahari, ambayo Zanzibar ilikuwa ukingo wa kila kitu, hapa haikuonekana wala kusikika. Mume wake alishinda kazini mchana kutwa. Aliporudi jioni, walizungumza Kiswahili. Lugha hiyo, ambayo katika kasri la baba yake ilikuwa ya uani, sasa ikawa ndiyo nyumba pekee aliyokuwa nayo.

Walijaliwa watoto watatu: Antonie mwaka wa 1868, Rudolph Said mwaka wa 1869 na Rosalie mwaka wa 1870. Kisha, mwezi wa Agosti 1870, Ruete aliteleza akishuka kutoka katika gari la reli lililovutwa na farasi, akaumia vibaya na kufa. Salme alikuwa na umri usiozidi miaka 26, na watoto watatu wadogo, katika nchi aliyoijua kupitia kwa mtu mmoja tu. Aliyekuwa dira yake aliuawa na barabara za mji wake mwenyewe.

Hapo ndipo Salme alipoanza kujifunza upya. Alisoma Kijerumani, akafundisha Kiarabu ili kujipatia riziki, akahamia Dresden, Rudolstadt na Berlin. Mwaka wa 1886 alichapisha kumbukumbu zake kwa Kijerumani. Kitabu hicho ni mojawapo ya maandishi ya awali kabisa ambamo mwanamke wa Zanzibar anasimulia maisha yake mwenyewe. Sehemu kubwa ya utamu wake ni maelezo ya mahali: ngazi, ua, hamamu, roshani, njia ya kutoka nyumba hii hadi ile. Alikuwa akilijenga upya kwa maneno lile ambalo miguu yake haikuweza kulifikia. Mfupa wa ngamia ulikuwa umemwandaa kwa kazi hiyo.

Marejeo

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Salme alirejea mwaka wa 1885 akiwa na watoto wake, katika msafara wa meli za kivita za Ujerumani. Serikali ya Bismarck ilimtumia kama karata katika mashindano ya kutwaa Afrika Mashariki, naye alitarajia kupata urithi wake. Barghash, ambaye sasa alikuwa Sultani, alikataa kumwona.

Alichokikuta kilikuwa mji ambao ramani yake ya moyoni haikutosha tena. Bet il Mtoni lilikuwa gofu. Barghash alikuwa amejenga mapya, likiwamo Bet al-Ajaib la mwaka wa 1883. Badiliko kubwa zaidi lilikuwa katika namna ya kutembea. Binti wa mfalme sasa alipita mchana, katika mavazi ya Kizungu, na umati ulimfuata na kumsalimia. Pengine ilikuwa mara yake ya kwanza kuziona kwa nuru ya jua baadhi ya barabara alizokuwa akizipita akiwa msichana. Alikuwa mwenyeji kwa kumbukumbu na mgeni kwa macho. Kiswahili kina viambishi vitatu vya mahali, pa-, ku- na mu-, kwa mahali dhahiri, mahali pasipo dhahiri na ndani. Zanzibar iliyokuwa humu kwa miaka 22, kisha ikawa kule kwa miaka karibu 20, haikuweza kurudi kuwa humu. Ilikuwa pale tu, mbele yake, ikionekana.

Alirudi mara nyingine mwaka wa 1888 baada ya kifo cha Barghash, bila mafanikio. Kisha akaishi kwa miaka mingi Jaffa na Beirut, miji ya bahari na ya adhana. Mwaka wa 1914 alirudi Ujerumani, na tarehe 29 Februari 1924 akafariki mjini Jena. Alizikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf, kando ya mumewe, pamoja na kifuko cha mchanga wa Zanzibar.

Waliobeba fanusi

Tathmini ya maisha haya haikamiliki bila kuwataja wale waliomwonyesha njia. Katika vichochoro vya Mji Mkongwe, Salme hakwenda peke yake hata mara moja. Mbele yake alikuwapo mtumwa mwenye fanusi. Mtumwa huyo ndiye aliyeujua mji mchana na usiku, sokoni na kisimani, bandarini na mashambani. Ramani yake ilikuwa pana kuliko ya bibi yake, lakini haikuandikwa. Zaidi ya hayo, katika kumbukumbu zake Salme aliutetea utumwa na kuwadharau Waafrika weusi waliomtumikia. Aliyejua uchungu wa kutazamwa kama kioja barabarani Hamburg hakuweza kuuona uchungu wa waliotembea hatua chache mbele yake.

Jambo hili limekuwa na athari katika ramani ya Hamburg yenyewe. Mwaka wa 2019 uwanja mmoja wa Uhlenhorst ulipewa jina lake. Muda mfupi baadaye, maneno yake kuhusu utumwa yalipozua mjadala, uamuzi huo ulibatilishwa. Jina la mahali halimwelekezi mpita njia tu. Humwambia pia ni nani anayestahili kukumbukwa hapo.

Hitimisho

Alama kuu hazidumu. Mizinga ya Waingereza ya tarehe 27 Agosti 1896 iliharibu makasri ya pwani ya Zanzibar, na sehemu ya Bet al-Ajaib iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Lakini lugha hudumu kuliko mawe. Hori lililoutenga Mji Mkongwe na upande wa pili limefukiwa, na daraja lake halipo. Hata hivyo, msafiri wa leo bado huambiwa ashukie Darajani, na bado huelekezwa Ng'ambo. Anavuka kwa jina maji ambayo hayapo tena.

Maisha ya Sayyida Salme yanafunza kwamba kuujua mji si suala la macho peke yake. Ni suala la lugha, ya saa unayoruhusiwa kutoka, ya uso unaotakiwa kuufunika au kuufunua, na ya nani amekushikia taa. Lynch aliwataka watu wauchore mji wao. Mchoro wa Salme umo kitabuni mwake, mzuri na wenye mapengo. Kazi iliyobaki kwa watafiti wa Kiswahili ni kuitafuta, katika majina ya mitaa, misemo na masimulizi ya wazee, michoro ya wale waliomtangulia na fanusi mkononi.